Chupa ya lita 4.5 iliyolala juu ya kabati

Mwezi wa tatu mama mkubwa aliniita kwake Katuba. Mumewe alikuwa amezikwa wiki mbili kabla, matanga bado hayajaondolewa, na lupangoni, yaani uani, mlikuwa na viti vya plastiki vya kukodi ambavyo hakuna aliyekumbuka vilitoka kwa nani. Hakuniita kwa hesabu za mazishi. Aliniita kwa sababu nina depo ndogo ya vinywaji katika komini (tarafa ya mji) ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi, Kongo, na katika ukoo wetu muuza bia huhesabiwa kuwa bingwa wa kila kitu kinachomiminika.

Chumbani, juu ya kabati la nguo, ndani ya blanketi la kijivu, ilikuwa imelala chupa ya wiski, Johnnie Walker Red Label, ya lita 4.5. Ni ile kubwa inayokuja na kitanda chake cha chuma, unaiinamisha kumimina bila kuibeba. Kitanda chenyewe kilikuwa uvunguni, kimeshika kutu.

Watu wanne walikuwa na maneno manne juu yake. Yaya (ndivyo tunavyomwita ndugu mkubwa), mtoto wa kwanza, alitaka iuzwe. Baba mdogo, mdogo wake marehemu, alitaka inywewe siku ya kutosha kilio. Ndivyo tunavyosema huku kwa kuondoa matanga. Mtoto wa tatu, anayefanya kazi Kasumbalesa, alituma sauti kwenye simu: iwekwe, ni ukumbusho wa baba. Na dada yetu anayesali kanisa la uamsho alitaka imwagwe, yote, mchungaji akiwepo. Mama mkubwa hakuwa amesema lolote.

Nikiri mapema kwamba wazo langu la kwanza lilikuwa kuinunua mimi, kwa bei ya kindugu. Kwa hiyo ushauri nilioutoa siku ile ya kwanza msiuhesabu.

Ilivyofika nyumbani

Watoto wote watano walikua wakiambiwa kwamba chupa ile ni zawadi ya mzungu. Mama mkubwa alinieleza vingine, tukiwa wawili jikoni.

Mwaka 1991 uporaji ulianza Kinshasa mwezi wa tisa, na mwezi wa kumi ukafika Lubumbashi. Wageni wengi walifunga mizigo. Baba mkubwa alikuwa fundi magari katika atelye (karakana) ya kampuni ya migodi, na mwisho wa juma alitengeneza magari ya watu binafsi. Mhandisi mmoja Mbelgiji alikuwa na deni lake: giaboksi ya Land Rover, kazi ya siku nyingi. Siku ya kuondoka hakuwa na fedha ambayo mtu angeitaka, maana zaire, fedha ya nchi wakati ule, ilikuwa inashuka thamani kati ya asubuhi na jioni. Akamlipa kwa chupa.

“Mimi nilingojea makuta, yeye akaniletea chupa,” mama mkubwa alisema. “Ule mwezi tulikula bukari na sombe bila mafuta.” Makuta ni pesa, bukari ni ugali, sombe ni kisamvu.

Alimwomba aiuze. Baba mkubwa akakataa. Aliisimamisha sebuleni juu ya kabati la vioo, kwenye kitanda chake, na kila mgeni alionyeshwa. Ikakaa hapo miaka 12. Mwaka 2003 kazi ilipokwisha, kwa ule mpango wa kuondoka kwa hiari ambao nyumba nyingi za mji huu zinaujua, aliishusha, akaifunga blanketi, akailaza juu ya kabati la chumbani. Nilimuuliza mama mkubwa sababu. Akasema wageni walikuwa wameanza kumwambia mzee afungue basi, wampe pole.

Kisa kizima kimegeuka hapo, kwa mambo mawili. Kwanza, zawadi na malipo si kitu kimoja: zawadi ni ya aliyepewa, malipo ya kazi ni ya nyumba iliyokula njaa yakingojewa. Pili, kule kuilaza ndiko kulikoiharibu.

Nilichokiona mchana kweupe

Niliitoa nje, nikaisimamisha juu ya meza, nikaiacha itulie. Kizibo kilikuwa cha kusokota na ukanda wake haujakatika. Kwa hiyo hakuna mtu aliyekuwa ameionja na kuijazia chai. (Msicheke. Nimeletewa depo chupa mbili za namna hiyo.) Lebo ilikuwa na jina la Kilmarnock, mji wa Uskoti ambako John Walker alianza na duka la vyakula mwaka 1820, na ambako kiwanda cha kujaza chupa kilifungwa mwaka 2012. Hapakuwa na ile mistari myeusi ya kusomwa na mashine. Chupa ya zamani kweli, basi.

Lakini kimo cha pombe kilikuwa kimeshuka chini ya mabega ya chupa, na upande mmoja wa lebo ulikuwa na doa la rangi ya kahawia lililoshuka kutoka kizibo. Blanketi nalo lilikuwa na doa hilo hilo, gumu kama limepigwa wanga.

Wengi hulaza wiski kwa sababu wameona mvinyo unalazwa. Mvinyo hulazwa ili koki isikauke. Wiski ina nguvu mara tatu ya mvinyo, na pombe ya asilimia 40 ikigusa koki, au ule mpira mwembamba ndani ya kizibo cha kusokota, mwaka baada ya mwaka, inaula taratibu. Wiski husimamishwa, gizani, mahali pa baridi. Chumba cha mama mkubwa kimeezekwa mabati bila dari. Ye yote aliyepitisha mwezi wa kumi mjini hapa, siku zile mvua inapokataa kuanza, anajua kilichokuwa kinatokea juu ya lile kabati. Joto linatanua, usiku unakunja, na kila mara kinatoka kidogo.

Yaya aliniuliza swali ambalo wateja wangu wote huuliza: si imezeeka, si sasa ni wiski ya miaka zaidi ya 30? Hapana. Wiski huzeeka ndani ya pipa la mti peke yake. Sheria ya wiski ya Uskoti inadai angalau miaka 3 ndani ya pipa la mwaloni. Black Label ni ya miaka 12, Red Label haitaji umri kabisa. Ikishaingia kwenye kioo saa yake imesimama. Ukikuta Black Label iliyojazwa mwaka 1980 bado ni ya miaka 12, hata kama mtoto aliyezaliwa siku hiyo sasa ana wajukuu.

Simu ya yaya

Yaya alikuwa na habari mbili kwenye simu yake, na zote mbili ni za kweli. Mwezi wa kumi na moja 2023 chupa moja ya Macallan, wiski ya Uskoti, ya mwaka 1926 iliuzwa mnadani Sotheby’s, London, kwa zaidi ya pauni milioni 2.1. Na mwaka 2022 chupa yenye lita 311 za Macallan iliuzwa Edinburgh kwa pauni milioni 1.1. Hii ya pili ndiyo iliyompa matumaini: kumbe ukubwa unalipwa!

Nilimweleza kadiri nilivyoweza. Ile ya 1926 ilikaa ndani ya pipa miaka 60, zikajazwa chupa 40 tu duniani kote. Ile ya Edinburgh ilitengenezwa makusudi iwe kubwa kuliko zote, na watu walinunua ile sifa. Red Label ni mchanganyiko unaojazwa bila kupumzika tangu 1909 jina hilo lilipoanza. Za lita 4.5 za miaka ile zipo, na minadani Ulaya huenda kwa mamia ya pauni, si maelfu, zikiwa zimejaa hadi shingoni na lebo safi. Yetu ina doa, na imepungua.

Halafu safari. Ndege inaruhusu abiria pombe ya asilimia 24 hadi 70, jumla isizidi lita 5, ndani ya chombo kisichozidi lita 5, ikiwa kwenye kifungashio chake cha dukani. Lita 4.5 zingepita, ila katoni yake ilichomwa zamani. Mlango mgumu zaidi uko upande wa pili. Uingereza humruhusu msafiri kuingiza lita 4 za pombe kali bila ushuru. Ukizidisha hulipi kwa ile nusu lita peke yake, unalipa kwa yote. Tena ruhusa hiyo ni ya kunywa mwenyewe au kumpa mtu, si ya kupeleka sokoni. Ubelgiji, ambako yaya ana shemeji, ni lita 1. Afrika Kusini, lita 1. Unaona chupa inavyocheka.

“Basi tuuzishe hapa,” yaya akasema. Nikampigia mwenye bare mmoja wa mjini. Kwa picha alitaja dola 120. Alipokuja akaona kimo, akashuka hadi 90. Hakuwa na nia ya kuinywa. Alitaka kuiweka nyuma ya kaunta, chini ya taa. Alipokuwa anaondoka akaongeza, kama mtu anayeuliza saa, kwamba tukiamua kuinywa atanunua chupa tupu na kizibo chake kwa dola 40.

Hapo nilitega sikio. Chupa tupu yenye lebo ya kweli na kizibo kizima ina kazi moja inayolipa vizuri: kujazwa kitu kingine. Simsingizii bwana yule. Pengine alipenda kioo tu. Lakini katika kazi yetu chupa kubwa tupu haiuzwi. Lebo unaichana, kizibo unakitoboa kwa msumari, basi.

Chupa ni ya nani

Kikao cha ukoo kilikaa mara mbili bila kufika popote, baba mdogo akisema kwa sauti kubwa kuliko wote. Kwake yeye pombe ya marehemu ni ya ndugu wa marehemu, na mtu asiyemwagiwa na ndugu yake hata tone hawezi kulala vizuri huko aliko. Sikudharau hilo. Ila alikuwa analisema kama mwenye mali.

Kikao cha tatu nilikuja na karatasi. Baba mkubwa na mama mkubwa waliandikisha ndoa yao, na hawakuchagua utaratibu mwingine wa mali; kwa hiyo kilichopatikana ndani ya ndoa ni cha wote wawili. Nusu ya chupa haikuwa urithi kabisa. Ilikuwa ya mama tangu 1991: lita 2.25. Nusu iliyobaki ndiyo urithi, na Kanuni ya Familia ya Kongo, ya mwaka 1987 iliyorekebishwa 2016, inawapa watoto robo tatu. Hizo ni kama lita 1.69, au theluthi moja ya lita kwa kila mmoja wa watano. Robo inayobaki, lita 0.56, ni ya mjane, wazazi wa marehemu na ndugu zake. Wazazi wamekwisha kufa. Baba mdogo ana dada wawili walio hai.

Aliihesabu mwenyewe kwenye vidole, akapata kiasi kisichojaza kikombe cha chai.

“Ile sheria iko ya wazungu,” alisema. Lakini alicheka, na alipocheka kikao kilipumua.

Hapo ndipo mama mkubwa akasema, mara ya kwanza. Alisema hataki dola 90. Hataki pia kuona chupa inarudi chumbani. “Mwenye bare ataiweka juu ya kabati lake, kama baba yenu. Mtoto wa Kasumbalesa ataiweka juu ya kabati lake. Mimi niliiangalia inatosha. Isirudi juu ya kabati, ya mutu ye yote.”

Mimi nilikuwa nimepanga hoja nzuri kwa upande wa kuuza, na nilikuwa nimejitayarisha kutaja dola 100 kutoka mfuko wangu. Niliikunja karatasi.

Ikabaki kuamua inywewe lini, na hapa muuza vinywaji alifaa kitu. Siku ya kutosha kilio wangekuja watu 200 au zaidi. Lita 4 ukizipima kwa toti ya mililita 30 hazifiki toti 135. Watu 65 wangekosa, na hao ndio wangekumbukwa: mjini wangesema tulificha. Kwa upande mwingine, lita 4.5 za asilimia 40 zina lita 1.8 za pombe yenyewe, sawa na lita 36 za bia ya asilimia 5, kreti nne za chupa kubwa na kitu. Watu wachache hawaimalizi bila kupelekwa hospitali. Na huwezi kunywa nusu ukairudisha: chupa kubwa ikifika katikati ina hewa nyingi ndani, na hewa huififisha ladha kwa miezi michache. Dawa yake ni vichupa vidogo vilivyojazwa mpaka mdomoni. Nilivileta kutoka depo, vile bapa vya robo lita, nimevichemsha na kuvikausha.

Jumapili

Tuliifungua wiki tatu baada ya kilio kutoshwa. Mama mkubwa aliwaita wazee wanne, ndio waliobaki mjini katika wale ambao mumewe alifanya nao kazi atelye mwaka ule. Wawili walikuja na fimbo. Mmoja aliikumbuka hata ile Land Rover, na akabishana na yaya kwamba tatizo halikuwa giaboksi bali klachi.

Nilipima kwa jagi la lita 1 kabla mtu hajaonja. Zilitoka lita 3.9. Desilita sita zilikuwa zimeondoka. Nikamwambia baba mdogo kwamba blanketi limekunywa kuliko ile robo nzima ya wajane na ndugu.

Akaniangalia. “Ile blanketi iko wapi?”

Dada yetu alikuja, peke yake, bila mchungaji. Alisema hawezi kuzuia watu wazima, ila theluthi yake ni yake na ataimwaga. Mama mkubwa alimpimia mwenyewe. Dada akaibeba hadi kwenye mti wa avoka (parachichi) nyuma ya jikoni, akaomba kwa sauti ya chini, akaanza kumimina kwenye mizizi. Baba mdogo, aliyekuwa amemfuata, alivua kofia. Kumwagwa kulipokwisha akamwambia kwa heshima kubwa, “Asante, mama. Yaya yangu amepata.”

Dada aligeuka kama amechomwa. Alitaka kueleza kwamba sivyo, sivyo kabisa. Mama mkubwa alikuwa mlangoni, akamwambia aje ale.

Na wiski? Harufu ya kwanza ilikuwa ya karatasi iliyolowa, kama kawaida ya chupa iliyovuja muda mrefu. Baada ya robo saa ndani ya glasi ilifunguka kidogo: utamu, moshi wa mbali. Ilikuwa imelegea, pombe hutangulia maji kutoroka. Mzee wa klachi alionja, akafikiri, akasema iko sawasawa na ile ya siku hizi, na nadhani alikuwa sahihi. Mama mkubwa, ambaye sijawahi kumwona akinywa, alichukua tone kwenye kifuniko cha termosi.

“Ndiyo hii tu?” akauliza.

Hatukumjibu.

Tulikunywa kama lita moja, na chakula na maji mengi. Zilizobaki zilijaza vichupa kumi: wazee wanne kimoja kimoja, baba mdogo viwili kwa hesabu ya blanketi, na watoto wanne, ukimtoa dada, kimoja kimoja. Cha Kasumbalesa kilipelekwa na dereva. Mwenyewe amekiandika tarehe na amesema hatakifungua, na hakuna aliyembishia, robo lita haihitaji kabati. Mimi nilipata masalia ya jagi.

Lebo niliichana pale pale, kizibo nikakipiga msumari. Mama mkubwa alinizuia nisiivunje chupa. Aliiosha kwa majivu na maji ya moto, akakipiga kitanda msasa mpaka kutu ikatoka, akamtuma mjukuu sokoni na bidoni, yaani dumu. Sasa imesimama jikoni kwake, imejaa mawese, anaiinamisha juu ya sufuria bila kuibeba. Mwezi wa sita baridi iliposhika mawese yaliganda shingoni, akaitukana umbo lake siku nzima. Siku hizi za baridi anaitoa nje asubuhi, na kitanda chake, kwenye jua karibu na ule mti wa avoka, na sombe inangojea mpaka saa nne.